Sensa ya oksijeni ya injini: Jinsi kidhibiti chake kinavyoundwa na kwa nini kipimwe kabla ya kuaminiwa

Injini ya petroli ikityuniwa kwa mafuta kidogo kuliko inavyohitaji, haitoi taarifa mapema. Inavuta vizuri, dereva anafurahi, kisha pistoni inatoboka. Ndiyo maana fundi makini wa magari yenye turbo hagusi ramani ya mafuta kabla ya kufunga sensa ya oksijeni ya masafa mapana kwenye bomba la moshi.

Ile sensa ya kawaida, ambayo Bosch ilianza kuizalisha mwaka 1976, haitoshi. Inajua kitu kimoja tu: kama mchanganyiko umevuka lambda 1, yaani kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Mafuta yakizidi inatoa karibu volti 0.9, yakipungua inashuka hadi karibu 0.1. Yamezidi kwa kiasi gani? Haisemi. Na injini ikikanyagwa hadi mwisho, mara nyingi hutakiwa kuwa karibu na lambda 0.85 hadi 0.9, eneo ambalo sensa hiyo haioni vizuri.

Sensa ya masafa mapana, mathalani Bosch LSU 4.9, inaona. Tatizo ni kwamba peke yake haitoi jibu lolote. Ndani yake kuna chumba kidogo kinachopokea moshi, seli moja inayopima oksijeni humo, na seli ya pili inayofanya kazi kama pampu ya oksijeni. Kidhibiti kinatakiwa kuishikilia seli ya kwanza kwenye volti 0.45 muda wote. Moshi ukija na oksijeni nyingi, kinaitoa kupitia pampu; ikipungua, kinageuza mkondo wa umeme na kuiingiza. Mkondo huo wa pampu ndio jibu lenyewe. Kwenye lambda 1 unakuwa sifuri.

Anayeunda kidhibiti mwenyewe anaweza kutumia chipu ya CJ125, ambayo Bosch waliitengeneza kwa kazi hii hii, au kuiacha na kuandika programu inayofanya kazi hiyo, kama ulivyofanya mradi huria wa rusEFI. Njia zote mbili zinafika.

Wengi wanaharibu kwenye hita. LSU 4.9 hufanya kazi ikiwa na joto la nyuzi 780, na kidhibiti hulijua joto hilo kwa kupima ukinzani wa seli ya kwanza: ukifika ohm 300, joto limetimia. Ukiwa juu ya hapo, sensa bado ni baridi. Sasa mtu akiunga hita moja kwa moja kwenye betri, basi sensa imekwenda. Bomba la moshi lililolala usiku kucha huwa na matone ya maji, na tone likigusa kauri yenye moto, inapasuka. Kwa hiyo kidhibiti huanza na takriban volti 2 ili kukausha maji, kisha kinapanda hadi 8.5, na kutoka hapo kinaongeza volti 0.4 kila sekunde mpaka joto lifike. Hayo yote baada ya injini kuwaka, si kabla.

Majaribio yaanzie mezani, bila sensa. Risista ya ohm 300 ikiwekwa mahali pa seli, kidhibiti kinatakiwa kuamini kuwa joto ni nyuzi 780. Kisha sensa inafungwa na kuachwa kwenye hewa ya kawaida, yenye oksijeni karibu asilimia 21. Hapo mkondo wa pampu uwe karibu miliampia 2.5.

Jaribio hilo halisemi chochote kuhusu upande wa mafuta mengi, ambao ndio unaookoa pistoni. Kwenye gari, sensa ya zamani inasaidia sana: ni hodari mno pale pale kwenye lambda 1, kwa hiyo inapovuka volti 0.45, kidhibiti kipya nacho kinatakiwa kuonyesha 1.00. Gari likiachiwa mafuta kwenye mteremko na nozeli zikafungwa, usomaji upande hadi kiwango cha hewa tupu.

Kuna kosa moja la kijinga linalowasumbua hata wazoefu: waya wa hasi. Tuseme volti 0 hadi 5 zinawakilisha uwiano wa 10 hadi 20. Hita inavuta ampia kadhaa, na ikishirikiana hasi na waya wa taarifa, tofauti ya volti 0.2 tu inapotosha usomaji kwa 0.4. Injini iko 12.6, kompyuta inaona 13.0. Dawa yake ni kuipa hita hasi yake, kisha kukiamuru kidhibiti kitoe volti inayojulikana na kuangalia kompyuta inasoma ngapi.

Bomba lenye tundu kabla ya sensa nalo linadanganya, kwani linavuta hewa ya nje. Plagi isiyochoma vizuri hivyo hivyo: oksijeni ambayo haikutumika inapita, na sensa inasema mafuta ni kidogo hata kama yamejaa. Fundi akiongeza mafuta hapo, anaongeza tatizo.

Na sensa isiachwe kwenye bomba la moshi bila umeme wa hita huku gari likitembea. Masizi yanaijaa na kuiua.