Kuunganisha Mabomba ya Maji Machafu: Shauri kwa Wajengao Otonglo

Mtu atokaye Kisumu mjini kwa njia ya Busia, akiisha kuupita uwanja wa ndege, hufika Otonglo, na huko ataona nyumba mpya zikijengwa, nyingi zikiwa za kupangisha. Mwenye nyumba huangalia sana kuta, mabati na rangi, lakini mabomba ya maji machafu humwachia fundi peke yake, wala hayatazami kabla hayajafukiwa. Kosa likiwa humo, ajuaye kwanza ni mpangaji, siku aonapo maji ya choo cha jirani yakizuka bafuni mwake.

Mara nyingi kosa hilo hukaa mahali palipoungana mabomba mawili yasiyo na ukubwa mmoja. Kuungana huko hakuepukiki. Bomba la beseni la kunawia huwa la inchi 1¼, la sinki ya jikoni inchi 1½, la bafu huenda likawa inchi 2, na la choo sharti liwe inchi 4. Nayo yote huishia katika njia moja. Kiungo cha kuyapatanisha mafundi hukiita redusa, na bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na gharama ya kuvunja sakafu.

Jambo kubwa ni hili: maji machafu na yatoke katika bomba dogo kuingia kubwa, kamwe yasitoke kubwa kuingia dogo. Tuseme mtu amelaza bomba la inchi 4 kutoka chooni, akapungukiwa karibu na tangi, naye anavyo vipande vya inchi 3 vilivyosalia. Atasema, “Maji ni machache, yatapita.” Kweli, maji yatapita, lakini karatasi, nywele na mafuta ya kukaangia samaki hayatapita. Yatanasa kwenye ukingo wa redusa, yagande, yakusanye mengine, hata njia izibe. Kwa bomba la maji safi lisukumwalo kwa nguvu, kupunguza ukubwa si kosa. Maji machafu hayana msukumo ila mteremko wake.

Jambo la pili huwadanganya hata mafundi wazoefu, nalo ni hesabu ya vipimo. Bomba la plastiki liitwalo la milimita 110 hupimwa kwa nje, bali lile la zamani la udongo wa kuchoma, la inchi 4, hupimwa tundu lake la ndani. Vivyo hivyo, bomba la plastiki la inchi 1½ la kipimo cha Kiingereza lina upana wa nje wa milimita 48.3, nalo la kipimo cha mita ni 50. Tofauti haifiki milimita 2, na jicho halioni. Lakini gundi ya plastiki kazi yake ni kuyeyusha nyuso mbili zinazogusana, si kujaza nafasi. Kiungo kitaonekana kizuri leo, kisha kitavuja chini kwa chini. Kwa hiyo usiende dukani na jina la inchi kichwani. Nenda na kipande cha bomba lenyewe mkononi, ukijaribishe hapo hapo kwenye kaunta.

Kuna wanaochomeka bomba la plastiki ndani ya lile la udongo, wakakandika saruji na gunia. Hasha! Plastiki ni laini, saruji haiishiki vema, na ufa hutokea. Hapo pafaa kiungo cha mpira chenye mikanda ya chuma kisichoshika kutu. Kisima kikiwa karibu, jambo hili si la harufu tu. Watu wa Nyanza walioishi katika kipindupindu cha 1997 na 1998 hawahitaji kuelezwa.

Redusa zenyewe ni za namna mbili: yenye tundu katikati, na yenye tundu upande mmoja. Kwa bomba linalosimama, ya kwanza yafaa. Kwa lililolala, chukua ya pili, uiweke hivi kwamba migongo ya mabomba yote mawili iwe sawa kwa juu. Ndivyo hewa ipitavyo, wala maji ya bomba kubwa hayarudi upesi katika dogo. Mteremko wa inchi 1 kwa kila inchi 40 watosha kwa bomba la choo.

Kabla ya kufukia, ziba mwisho wa chini, jaza maji mpaka juu, weka alama, kisha kaa kivulini kwa nusu saa. Maji yakishuka chini ya alama, fundi hajamaliza kazi, na fedha yake ya mwisho ingali mfukoni mwako.