Mlio Chini ya Lori Baada ya Matengenezo ya Nyumbani

Baadhi ya malori yapelekayo mahindi na maharage Mbarara kutoka Nakivale hutengenezwa uani na wenyewe. Hatulikatazi jambo hilo. Lakini lori likitoa mlio ambao haukuwapo kabla ya kazi, dereva asiufunike kwa sauti ya redio.

Mgongo mmoja mkavu mara klachi inapoachiwa huashiria krosi iliyolegea au bolti zisizokazwa. Mvumo unaopanda pamoja na mwendo hutuelekeza kwenye beringi ya kati au difu. Ama lori likitetemeka lote ilhali krosi ni mpya, mara nyingi vipande viwili vya propela, ambayo ndugu zetu wa Kongo huiita kardani, viliunganishwa bila kulinganishwa, masikio ya ncha moja yasikae sambamba na ya ncha nyingine. Kabla ya kufungua, tieni alama ya rangi kwenye vipande vyote viwili.

Lililo zito zaidi ni hili: katika malori mengi breki ya mkono hukamata propela nyuma ya giaboksi, si magurudumu. Propela ikitolewa, breki hiyo haizuii kitu, wala gia haizuii. Aliyelala chini ya lori katika miteremko ya Isingiro hana kinga ila vigingi alivyoviweka mwenyewe. Viwekwe mbele na nyuma ya magurudumu kabla ya kuguswa bolti ya kwanza. Na mlio ukianzia njiani, abiria washuke kwanza, ndipo dereva achungulie chini.