Jumatano ya Ordizia

Wanangu, sogeeni karibu. Leo nawapeleka Hispania, ila si Madrid wala Barcelona mnakokujua kwa sababu ya mpira. Twendeni kaskazini, kwa Wabaski, kwenye milima ya kijani isiyoishiwa mvua. Pale bondeni, karibu na mlima Txindoki, upo mji mdogo uitwao Ordizia. Wakazi wake ni kama 10,000 tu. Lakini Jumatano asubuhi utadhani mkoa mzima umehamia pale, maana Jumatano ni siku ya gulio.

Gulio hilo lilizaliwa na msiba. Mwaka 1512 moto uliunguza mji, watu wakabaki wanatazama majivu. Ndipo wakapewa, kwa jina la Malkia Juana, haki ya kufanya soko kila Jumatano, wapate pa kuanzia upya. Juana mwenyewe wakati huo alikuwa amefungiwa ndani ya jumba kule Tordesillas, na baba yake, Mfalme Fernando, ndiye aliyeshika utawala. Kila nikimkumbuka mama yule moyo wangu hulainika. Hakuwa na uhuru wa kwenda hata sokoni, lakini zaidi ya miaka 500 baadaye watu bado wanakutana siku ile ile iliyotajwa kwa jina lake.

Gulio liko katikati ya mji, kwenye uwanja uliofunikwa paa kubwa tangu mwaka 1925. Paa limebebwa na nguzo ndefu, na pembeni hakuna kuta, kwa hiyo mvua ikinyesha biashara inaendelea. Wauzaji wengi ni wakulima wenyewe, wameshuka na mazao yao kutoka mashamba ya vilimani. Kiangazi utakuta nyanya na pilipili ndogo za kijani za Gernika. Majani yakianza kupukutika unakuja uyoga, na maharage ya Tolosa, meusi yanayong'aa. Bei zinazopatikana hapa hufuatiliwa na wakulima na wanunuzi wa mkoa wote wa Gipuzkoa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa mgeni hupotea. Mbele ya meza yenye wateja wengi hutaona foleni. Watu wamesimama ovyo, wanapiga soga, mmoja anatazama vitunguu, mwingine kampa mgongo muuzaji. Usidhani hakuna utaratibu. Ukifika, uliza kwa sauti: nani wa mwisho? Mtu atainua mkono, labda babu mwenye kofia bapa. Mkariri babu huyo, kisha zunguka utakavyo. Akija mwingine na kuuliza hivyo hivyo, wewe ndiye utakayejibu, na toka hapo yeye anakufuata wewe. Foleni ipo vichwani mwa watu. Nimeona foleni nyingi zilizonyooka kwa kamba na vyuma, na hakuna niliyoipenda kama hii.

Zamu yako ikifika kwenye meza ya jibini, usiwe na haraka. Jibini la huko linaitwa Idiazabal, nalo linatokana na maziwa ya kondoo ambayo hayakuchemshwa. Kondoo wenyewe huitwa latxa, wana manyoya marefu magumu yanayoning'inia hadi karibu na miguu, na wakati wa joto hupandishwa malisho ya milimani. Jibini hukaa si chini ya siku 60 likikomaa kabla ya kuuzwa. Zamani wachungaji waliliweka ndani ya vibanda visivyo na bomba la moshi, likavuta moshi wa moto wao wa kuni. Watu wakaizoea ladha ile, na mpaka leo mengine hufukizwa moshi makusudi.

Mama muuzaji atachukua kisu, akate kipande chembamba, akupe kwenye ncha ya kisu uonje. Kitafune polepole: kwanza chumvi, halafu mafuta, mwishoni ukali kidogo unaobaki kooni. Kisha akupe lile la moshi, ulinganishe. Mwambie aligeuze jibini zima, utaona kibandiko kidogo chenye namba kimegandamana na ganda lake. Kila jibini lina namba yake, hivyo likileta shida hujulikana limetoka kwa mchungaji gani.

Kila Septemba wachungaji hushindanishwa hapo hapo uwanjani. Waamuzi huonja, humpata mshindi, na nusu ya jibini lake hushindaniwa bei hadi kufika maelfu ya euro. Jumatano inayofuata mshindi huyo anarudi mezani kwake, na mteja wa kwanza anauliza: nani wa mwisho?