Kiambi: mtumbwi wa mbao upakwe jioni

Kutoka Kiambi, mto Luvua unapitika kwa chombo kilometa kama 160 hadi Ankoro, unapoingia Lualaba. Kwa mtumbwi wa mbao safari hiyo ni ndefu: pamba na lami huziba nyufa tu, ubao wenyewe unaendelea kunywa maji hadi unaoza.

Gundi ya epoksi hufunika ubao wote, nje na ndani. Ila wengi huipaka asubuhi, na hapo ndipo kazi inaharibika. Jua likipanda, hewa iliyo ndani ya ubao inapanuka, inatoboa gundi kwa mapovu. Afadhali jioni, ubao ukipoa. Mkono wa kwanza uwe mwembamba. Ukikauka, utelezi unaobaki juu uoshwe kwa maji kabla ya msasa, la sivyo mkono wa pili hautashika. Mwishoni rangi, maana jua hula epoksi.