Chumvi Bwawani: Chunga Maji ya Kijani Usipoteze Samaki

Kiangazi kinapokolea, mfugaji wa samaki hujazia bwawa lake kwa maji ya kisima. Hapa Kilifi, visima vingi vina maji ya chumvichumvi. Perege huvumilia chumvi kiasi, hivyo mfugaji haoni tatizo mara moja. Anayeumia kwanza ni mwani.

Mwani huu ni viumbe vidogo mno mfano wa mimea, vinavyoyapa maji ya bwawa rangi ya kijani. Mchana hutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, kazi iitwayo usanisinuru, na kutoa oksijeni. Samaki huvuta oksijeni hiyo, na perege hula mwani wenyewe. Mwani ukidhoofika, bwawa hukosa hewa na chakula kwa pamoja.

Chumvi ipi ni mbaya?

Si kila chumvi ni adui. Kama mahindi shambani, mwani unahitaji naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu, nazo huzipata zikiwa chumvi zilizoyeyuka majini. Ndiyo sababu bwawa hutiwa mbolea.

Shida huanza chumvi zinapozidi, hasa chumvi ya kawaida. Maji hutoka ndani ya seli za mwani, jinsi samaki wa ng'onda anavyotoa maji akipakwa chumvi. Sodiamu nayo huingia ndani na kuvuruga usanisinuru. Mwani hutumia nguvu zake kujikinga badala ya kukua, na oksijeni hupungua. Chumvi ikipanda ghafla, mwani mwingi hufa, na bakteria wanaouozesha humaliza oksijeni iliyobaki. Hapo ndipo samaki huonekana alfajiri wakihema juu ya maji.

Kuna mwani wa kijani uliozoea chumvi. Dunaliella huishi hata kwenye mabwawa ya kuvunia chumvi, ambako maji yana chumvi kupita bahari yenye takriban gramu 35 kwa lita. Hujikinga kwa kutengeneza gliseroli ndani ya seli. Mwani wa kawaida wa mabwawa ya samaki hauwezi kustahimili hali hiyo.

Jua haliondoi chumvi

Maji yakikauka, chumvi hubaki. Bwawa lenye gramu 2 za chumvi kwa lita likipungua hadi nusu, litakuwa na gramu 4. Ukilijaza tena kwa maji yale yale ya kisima, litakuwa na gramu 3, si 2. Kila ukirudia, kiwango hupanda.

Mfugaji afanye nini?

- Pima chumvi ya kisima kabla ya kuchimba bwawa, na uipime ya bwawa wakati wa kiangazi.
- Jazia kidogo kidogo, na ukiweza changanya na maji ya mvua uliyoyavuna.
- Punguza maji ya zamani kabla ya kuongeza mapya.
- Ingiza mkono majini hadi kiwiko. Ukiona kiganja vizuri, mwani ni haba. Kikipotea kabla maji hayajafika kiwiko, na maji si ya tope, mwani umezidi.
- Rangi ikififia, usikimbilie mbolea kabla ya kupima. Mbolea nyingi za dukani pia ni chumvi, na mwani uliozidi hushindania oksijeni na samaki usiku.

Kwa ushauri zaidi, mwone afisa wa uvuvi katika kaunti ndogo yako.