Ndege wa majani marefu ya Upemba

Mafunjo ya bonde la Upemba, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yana tabia ya kuhama. Mashina na mizizi yake husukana juu ya maji mpaka yawe kisiwa kinachoelea, na katika ziwa Kisale kuna wavuvi wanaojenga vibanda juu ya visiwa hivyo, wakapika na kulala humo. Mto Lualaba, ukishatoka kwenye maziwa ya bonde hilo, ndio unaopita Malemba-Nkulu na kuteremka hadi Mulongo.

Sehemu ya bonde hili imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939 na inayosimamiwa leo na taasisi ya taifa ya uhifadhi, ICCN. Hifadhi inaanzia kwenye vinamasi na kupanda hadi nyanda za juu za Kibara. Miteremkoni ni misitu ya miombo, ambayo majani yake machanga hutoka mekundu kabla mvua hazijaanza. Inapendeza mno, lakini hazina kubwa zaidi iko chini, kwenye majani na matope.

Huko ndiko anakoishi ndege mmoja mdogo kuliko shomoro, ambaye hapatikani penginepo duniani. Mwaka 1928 Mmarekani James Chapin alimpa jina la kisayansi, Estrilda nigriloris. Jamaa yake anayejulikana kote Afrika Mashariki ana mstari mwekundu unaopita jichoni; wa huyu ni mweusi. Tofauti kubwa ni hiyo, na baadhi ya wataalamu walibisha kama kweli ni aina ya peke yake.

Baada ya mwaka 1950 hakuna aliyeripoti kumwona. Vita vilipita, watafiti waliacha kuja, naye akaandikwa kwenye orodha ya ndege waliopotea. Zaidi ya miaka 70 baadaye alionekana tena hifadhini, na safari hii akapigwa picha.

Jirani yake wa kinamasini ni swala wa Upemba, aliyetambuliwa kuwa spishi ya pekee mwaka 2005 na ambaye sasa idadi yake ni ndogo sana kwa sababu ya kuwindwa. Miombo nayo hukatwa kwa ajili ya makaa, na wakati wa kiangazi moto huteketeza majani yaleyale yanayompa yule ndege mbegu na maficho. Walinzi wanaozuia hayo hufanya kazi katika eneo lenye makundi yenye silaha, na baadhi yao wameuawa kazini.