Mkahawa wa Paka Waliotelekezwa

Mwezi Oktoba 2014, mjini Oakland katika jimbo la California, Marekani, ulifunguliwa mkahawa wa paka uitwao Cat Town. Wazo hilo lilianzia Taipei, Taiwan, mwaka 1998, likashamiri Japani. Watu wa Oakland wao walilipa kazi mpya. Paka wao walitoka katika kituo cha manispaa cha wanyama waliopotea au kutupwa.

Ndugu msomaji, katika vituo vya namna hiyo paka mwoga hujibanza nyuma ya kizimba, macho yamemtoka, chakula hagusi. Atazamaye humdhania mkali, akamchagua mwingine. Nafasi ikiisha, huweza kuuawa kwa sindano. Kosa lake ni woga tu, na woga wenyewe umeletwa na kizimba.

Mkahawani hapakuwa na vizimba. Kahawa iliuzwa upande mmoja, kwa kuwa sheria ya afya haikuruhusu wanyama penye chakula. Paka walikaa chumba cha pili. Humo mgeni huketi akangoja, wala hamfukuzi paka. Hatimaye yule aliyejificha hutoka, akanusa kiatu, akapanda pajani. Aliyependezwa naye aliweza kuomba kumchukua nyumbani.

Maofisa wenzangu walicheka nilipowasimulia habari hii. Niliwakumbusha Simon, paka aliyeokotwa bandarini Hong Kong na baharia wa manowari ya Kiingereza Amethyst. Mwaka 1949 alijeruhiwa kwa mizinga katika mto Yangtze, akapona, akaendelea kuwinda panya waliokuwa wakila akiba ya wanamaji. Alitunukiwa Nishani ya Dickin, na hakuna paka mwingine aliyepata kuipokea.